Utando wa Bibi Melea

"Nimeamua kushuka Matema," alisema Bibi Melea Tweve. "Nikaishi na dada yangu."

Edina Luvanda hakuweza kumjibu papo hapo. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya bafu la Bibi, kichwa na mkono mmoja ndani ya shimo la ukaguzi, tochi ameing'ata kwa meno. Alimaliza kukwangua kipande cha utando ukutani mwa bomba, akakitia kwenye kichupa, kisha akajitoa taratibu, akaketi na kuupangusa uso kwa mkono wa sweta.

"Kwa muda gani, Bibi?"

"Nimekwambia kuishi, siyo kutembea." Bibi Melea alikuwa kwenye kigoda mlangoni, amejifunika blanketi mabegani, miguu ndani ya soksi nene za sufi. "Sekela macho yanamwishia. Anasema akiniona kwenye simu ni kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia. Nikizidi kungoja hataniona tena kabisa, atabaki kunisikia tu. Na haya magoti yangu yameichoka baridi ya Makete. Kule ziwani maji ya kuoga hayapashwi na mtu. Unaingia tu."

"Hizo ni habari njema, Bibi," alisema Edina, na alimaanisha.

Akakiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Utando ulikuwa na afya: rangi ya asali, mlaini, unavutika bila kukatika. Aliutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, maana hakutaka Bibi amwone usoni.

"Mvua zikikatika naondoka," Bibi aliendelea. "Nitakuachia ufunguo. Wewe na mabomba yako mtaelewana."

Edina akacheka kidogo, akafunga shimo, akamsaidia Bibi kuinuka. Alipofika nje, ukungu ulikuwa bado umeukalia mtaa, na nyumba za chini hazikuonekana. Alisimama pale kizingitini akiwa na kichupa mfukoni, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo alitamani asingejua anachokijua.

*

Mtaa wa Nyumba Arobaini umejengwa kwenye mteremko mmoja, kila nyumba ikiwa chini kidogo ya mwenzake, kuanzia kwa Bibi Melea kule juu hadi zahanati ya mama na mtoto kule bondeni. Zamani watu wa hapo walipasha maji kwa kuni za milingoti, ile mikaratusi ya kupandwa. Milingoti ikaugua na kukauka kilima kizima, mkaa ukapigwa marufuku, na kila nyumba ikabaki na hita ya umeme. Hapo ndipo watu walipojua gharama ya kuoga. Zaidi ya nusu ya umeme wa nyumba uliishia ndani ya tangi la maji ya moto. Ilipofika Juni, baridi ikiwa imeng'ata na majani asubuhi yameganda meupe, familia zilikuwa zinachagua: taa za watoto kusomea, au maji ya kuwaogesha.

Edina aliukuza utando chuoni Mbeya, kisha akaurudisha kwao. Ulikuwa kama ngozi nyembamba ya viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho, iliyotandazwa ndani ya kuta za bomba pacha. Upande mmoja yalipita maji machafu yaliyotoka bafuni. Upande wa pili maji safi ya nyumba inayofuata. Maji yenyewe hayakugusana hata tone. Utando ulikula sabuni, jasho na mafuta ya mwili, na kwa kula huko ukatoa joto, ukalitia kwenye maji safi pamoja na joto lote la maji machafu, ambalo zamani lilikwenda kupotea mtaroni.

Bibi Melea alioga alfajiri kwa maji ya tangi lililopashwa na jua la jana. Maji yake yakaamsha ya nyumba ya pili. Ya pili yakaamsha ya tatu. Kadiri maji yalivyoshuka, utando ulipata chakula zaidi, na joto likazidi badala ya kupungua. Yakifika zahanati, hita ilikuwa haiwashwi ila siku moja ya wiki, siku ya kuchemsha, ili kuua vijidudu vinavyopenda kukaa kwenye matangi ya vuguvugu.

Leo kila mtu anausifu. Mwanzoni hakuna aliyeutaka. Walisema hawawezi kuoga jirani na wadudu. Bibi Melea peke yake ndiye aliyenyoosha mkono mkutanini. "Nileteeni mimi," alisema. "Ngozi yangu imeshaumwa na kila kitu, hakuna mdudu mgeni kwake." Akaoga nao mwaka mzima bila mwenzake, watu wakimtazama kama wanangoja atokwe na vipele. Havikutoka. Nyumba ya pili ikaomba kuunganishwa, na ya tatu, hadi chini. Tangu hapo mtu akipita kwa Bibi hasemi shikamoo peke yake. Anaongeza, "Joto tumelipata, Bibi." Naye hujibu, "Haya, lishusheni."

Tatizo lilikuwa hili. Ngozi ya kila mtu ina wakazi wake wadogo, wasiofanana na wa mwingine. Utando wa nyumba ya kwanza ulilelewa na mwili mmoja. Uliwazoea wakazi wa ngozi ya Bibi Melea kama mtoto anavyozoea ziwa la mama yake. Na huo ndio uliokuwa mama wa mtaa: vipande vyake vilibanduka kila siku, vikashuka na maji, vikauhuisha utando wa nyumba za chini. Mwaka uliopita Bibi alikwenda msibani Njombe, akakaa kidogo. Aliporudi, utando ulikuwa umepauka, na mtaa mzima unalalamika kwamba maji yamepoa. Edina aliwaambia ni mawingu. Hakuwa na uhakika, ndiyo maana alisema hivyo.

Sasa alikuwa na uhakika. Katika chumba chake cha kazi, nyuma ya ofisi ya ushirika, alikigawa kile kipande kwenye visahani vya kioo. Kimoja akakipa maji ya kuogea ya Bibi. Vingine akavipa maji yake mwenyewe, na ya majirani waliokubali kumpa bila kuuliza mengi. Cha Bibi kilistawi. Vingine vilijikunja kingo, vikawa vyeupe, vikafa. Kulea mama mpya kutoka mwanzo kungechukua msimu wote wa baridi. Mtaa ungeingia Juni na hita arobaini zinazonguruma, au na watoto wasioogeshwa.

Kati ya hivyo vingine, kimoja tu hakikufa. Kilikuwa kimepauka nusu na nusu kiko hai. Edina alikitazama kwa muda kabla ya kukumbuka kuwa hakukisuuza vizuri. Humo maji ya Bibi yalikuwa yamechanganyika na ya mtu mwingine.

*

Nesi Grasiana Mahenge wa zahanati alikuwa anakunja nepi kwenye baraza, jua la saa nne likimpiga mgongoni. Ndiye mtu ambaye Edina aliona angepoteza zaidi kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyemwendea kwanza. Alimweleza kila kitu bila kupamba.

Grasiana aliendelea kukunja. "Na Bibi mwenyewe anasemaje?"

"Sijamwambia."

"Kwa nini?"

"Wewe unamjua, dada. Nikimwambia, atafungua begi lake, atarudisha nguo kabatini, na hatasema neno. Atabaki. Dada yake atapofuka akiwa peke yake, na Bibi atakufa huku juu kwa ajili ya maji yetu ya kuoga."

"Na usipomwambia?"

"Ataondoka na roho nyeupe. Halafu watu wataamka asubuhi moja wakute baridi, wala hakuna aliyewauliza."

Grasiana aliiweka nepi ya mwisho juu ya rundo. "Kwa hiyo njia zote mbili unaamua wewe. Ukisema, umembakiza. Ukinyamaza, umemdanganya, na sisi umetudanganya."

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

"Mimi siwezi kukubebea huo mzigo, mdogo wangu. Lakini nitakwambia kitu. Nikisikia mtu anasema Bibi abaki kwa sababu ya vichanga vya Grasiana, nitasimama. Watoto wangu hawatakuwa kamba ya kumfungia mtu. Kabla ya utando niliwaogesha. Kwa shida, lakini niliwaogesha."

Edina alipanda mlima akiwa na maneno hayo. Kufika nusu ya njia alikuwa ameshaamua. Bibi Melea alikuwa na haki ya kuujua ukweli; lakini si lazima ukweli umfikie ukiwa mtupu, bila jibu lolote pembeni yake. Angewauliza kwanza wale wanaolipokea joto, waseme wako tayari kubeba nini. Siku hiyohiyo Bibi angeambiwa yote mawili kwa pamoja.

*

Mkutano ulifanyika Jumamosi alasiri kwenye uwanja wa ushirika. Mwenyekiti wa mtaa, Yoramu Ilomo, mwanamume mnene mwenye sauti ya kwaya, alimpa Edina nafasi, kisha akajuta.

"Haiwezekani," alisema Yoramu, Edina alipomaliza. "Yaani sisi sote tumeegemea ngozi ya bibi mmoja?"

Edina alikuwa ameibana mikono kwapani. Watu walianza kuzungumza wote kwa pamoja.

"Sikilizeni!" Yoramu aliinua mikono. "Hili lina ufumbuzi. Tumkarabatie nyumba. Tumwekee zulia la sufi ukuta hadi ukuta. Tumtafutie mtu wa kumpikia na kumfulia. Huyo dada yake naye tumlete huku, tumtunze kama mama yetu. Bibi ametufaa miaka mingi. Sasa nasi tumfae."

Watu wakapiga makofi, tena kwa furaha ya kweli. Hapakuwa na ubaya nyusoni mwao, na hilo ndilo lililomtisha Edina.

"Sekela ana kifua," alisema. "Daktari alishamkataza kupanda huku. Halafu ni mtu anayepoteza macho, mwenyekiti. Nyumba yake anaijua kwa mikono. Mkimtoa mle mtampofusha mara mbili."

"Basi Bibi tusimwambie lolote," ilisikika sauti ya mwanamke nyuma. "Tumwombe tu abaki hadi Agosti. Baridi ikipita, tutaona."

"Na vichanga pale zahanati je?" akadakia mwingine. "Bibi ana huruma. Akikumbushwa vile vichanga..."

Grasiana akasimama. Hakupaza sauti, lakini watu wa karibu yake walinyamaza, kisha na wa mbali.

"Vile vichanga ni vyangu," alisema. "Nusu yenu hapa niliwapokea mimi kwa mikono hii, na maji yenu ya kwanza yalipashwa kwenye sufuria. Mkitaka kumwomba Bibi abaki, mwombeni kwa majina yenu. Msitumie ya kwao."

Mlango wa uzio ukalia. Bibi Melea aliingia akiegemea fimbo ya alumini, viatu vimejaa tope. Mtu alikuwa amempigia simu. Haikujulikana nani, wala hakuna aliyeuliza.

"Shikamoo, Bibi," walisema kwa pamoja kama darasa lililokamatwa likipiga kelele.

"Marahaba. Nasikia mnanigawana." Akamgeukia Edina. "Ni kweli? Nikiondoka maji yanakufa?"

"Ni kweli, Bibi."

"Kwa nini hukuniambia siku ile bafuni?"

"Kwa sababu ungebaki."

Bibi Melea alimtazama sana. Yoramu alileta kiti, hakikukaliwa.

"Ningebaki, ndiyo," alisema hatimaye. "Na ningewachukia. Siyo siku moja. Kidogo kidogo, kila alfajiri ninapovua nguo kwenye ile baridi. Mngepita mlangoni mkinishukuru, nami ningeitikia, na moyoni ningekuwa nawachukia ninyi na watoto wenu. Mnataka kuogea maji ya namna hiyo?"

Yoramu alivua kofia. Kisha, bila sauti ya kwaya, alisema, "Nenda, Bibi. Mimi nilikosea kuongea. Nenda kwa dada yako."

"Kwenda nitakwenda, mwanangu, sikuja kuomba ruhusa." Lakini sauti ilikuwa imelainika. "Nimekuja kuuliza kama kuna ninachoweza kufanya kabla sijaenda. Edina, huna chochote? Miaka yote hiyo ya kusoma?"

Edina alikitoa kile kisahani kwenye mfuko wa koti. Alikuwa hajapanga kukionyesha, kwa sababu kilikuwa kisahani kimoja tu, tena kilichotokana na uzembe wake wa kusuuza. Aliwaeleza. Utando ukibadilishiwa mtu ghafla, unakufa. Ukichanganyiwa polepole, watu wengi, kila siku kidogo zaidi, huenda ukajifunza kuwazoea wote. Huenda. Lakini ni lazima ufanyike Bibi akiwa bado yupo. Maji ya kuogea ya kila nyumba yangepaswa kupandishwa hadi kwake kila alfajiri yakiwa bado na joto, yamwagwe pamoja na yake. Na utando, kabla ya kujifunza, utaugua. Joto litapungua mtaa mzima, na gharama zitapanda.

"Na usipojifunza?" aliuliza Yoramu.

"Tutakuwa tumepata hasara mara mbili. Sitawaahidi."

Bibi Melea alikigonga kisahani kwa ukucha kama anayejaribu kuamsha kilichomo. "Mvua zikikatika naondoka," alisema. "Umepona haujapona. Mkikubali hivyo, kesho asubuhi leteni maji yenu."

*

Walikuja. Siku ya kwanza walikuja wachache, wameinamisha vichwa, ndoo wamezifunika kwa mifuniko na vitambaa. Mtu yuko tayari kumwazima jirani sufuria na hata kitanda, lakini maji aliyoogea ni siri yake. Mama mmoja aliifunga ndoo yake kwa mikanda miwili. Bibi Melea alikaa pale mlangoni akiwapokea.

"Hii ya nani? Mbona inanukia karafuu? Ah, ndiyo maana mkeo ananenepa, unampakia viungo!"

Walicheka, na kesho yake wakaja wengi zaidi. Yoramu Ilomo, ambaye nyumba yake ilipakana na zahanati, ndiye aliyekuwa na mlima mrefu kuliko wote. Alifika akihema, jasho likimtoka kuliko alivyokuwa kabla ya kuoga, akamwaga ndoo yake, akakaa kwenye ngazi kupumzika huku Bibi akimpa chai. Baada ya siku kadhaa alianza kupanda na ndoo mbili, ya kwake na ya zahanati.

Utando uliugua, kama Edina alivyosema. Rangi ya asali ikafifia. Vikatokea viraka vyeupe, na nyumba ya pili ikaanza kulalamika, kisha ya tatu. Hapo Edina aliacha kukaa maabara, akaingia nyumba kwa nyumba. Kama joto lilikuwa linapungua, basi lile lililopo lisipotee bure. Aliwafundisha kuzifunga bomba za maji ya moto kwa sufi ya kondoo, na kuyavalisha matangi mablanketi ya zamani. Alibadilisha mipira ya mabomba yaliyokuwa yanadondosha matone ya moto usiku na mchana, ambayo wenyewe walikuwa wameshayazoea kama saa ya ukutani. Aliteremsha vipimo vya hita zilizokuwa zinachemsha maji ambayo mtu angeyapoza tena kwa baridi, isipokuwa siku ya kuchemsha, ambayo hakukubali iguswe. Aliwaomba wanafamilia waoge wakifuatana, wa pili aingie bomba halijapoa. Ushirika nao ukakubaliana kwamba umeme wa paa la ofisi uende zahanati kwanza, wengine wagawane utakaobaki.

Haikuwa raha. Siku moja baba mmoja alimfungia mlango Edina usoni. Siku nyingine alimkuta mwanamke wa nyumba ya kumi na kitu amekaa jikoni analia, mikono ndani ya beseni la vyombo, maji baridi kama barafu. Edina alikunja mikono ya sweta akaosha naye.

Mvua zikakatika. Anga ikawa ya buluu tupu, na usiku baridi ikaanza kushuka bila kizuizi. Asubuhi ya safari Bibi Melea aliamka mapema, akaoga, akavaa gauni la kitenge alilolitunza kwa siku hiyo. Kisha akamwita Edina bafuni.

"Fungua."

Edina akafungua shimo, akaingiza tochi. Viraka vyeupe vilikuwa vimejaa. Katikati yake palikuwa na madoa ya rangi nyingine, ya kahawia, ambayo hakuwahi kuiona. Inaweza kuwa uhai mpya. Inaweza kuwa uozo.

"Umepona?" Bibi aliuliza juu yake.

Neno moja tu lingetosha. Bibi angeshuka mlima akiwa mwepesi, na hakuna ambaye angejua.

Akatoa kichwa. "Sijui, Bibi. Huenda unakufa."

Bibi Melea alishika kizingiti. Akatazama beseni lake, ndoo za watu zilizopangwa ukutani, dirisha lenye ukungu wa pumzi zao wawili.

"Asante kwa kunieleza," alisema. "Nishike mkono, tutachelewa gari la waya."

Kituo cha gari la waya linaloteremka safu ya milima hadi ziwani kilikuwa kimejaa. Mtaa wote ulikuwepo. Yoramu alibeba begi na hakukubali kupokewa. Watu walimletea Bibi njegere, asali, soksi ambazo hangezihitaji kule. Hakuna aliyemwomba abaki, wala kwa utani. Walimshika mkono mmoja mmoja. Grasiana alimbeba kichanga aliyezaliwa juzi, akamwekea Bibi kifuani kidogo, kisha akamchukua. Bibi Melea alilia waziwazi, akapenga kamasi kwa ncha ya kitenge, akaingia kwenye kibanda cha kioo. Mlango ukajifunga, na kibanda kikazama ukunguni.

*

Walidhani wataacha kupandisha maji. Lakini asubuhi iliyofuata Edina alipofika kwenye nyumba ya juu alimkuta Yoramu tayari yuko ndani, ametoka kuoga kwenye bafu la Bibi, mvuke ukimtoka kichwani.

"Nimechoka kubeba ndoo," alisema kwa haya. "Nikaona ni rahisi kuubeba mwili wenyewe."

Tangu siku hiyo nyumba ya Bibi Melea ilikuwa haifungwi. Aliyetaka alipanda akaoga huko. Wengine waliendelea na ndoo. Juni ikaingia na barafu yake. Majani ya viazi yakaungua yakawa meusi. Edina hakufungua lile shimo kwa siku nyingi, akidai utando usisumbuliwe. Ukweli ni kwamba aliogopa.

Kilichomfanya alifungue kilikuwa simu ya Grasiana, asubuhi moja jua likiwa limeshachomoza. "Edina, wewe umegusa kitu? Hita yangu imezimwa tangu juzi. Nimefungua bomba nimwogeshe mtoto, nikaurudisha mkono."

"Kwa nini?"

"Ya moto, mdogo wangu! Nimeongeza baridi!"

Edina alikimbia mlima wote bila koti. Alilala kifudifudi, akavuta mfuniko, akamulika. Utando ulikuwa umejaa ukuta hadi ukuta. Haukuwa wa asali tena. Ulikuwa kahawia iliyokolea kama chai ya rangi iliyochemka sana, mnene, na ulipoguswa ulikuwa na joto la shavu la mtu aliyelala. Aliuacha mkono wake pale. Aliwafikiria wote walioupandia, akajaribu kuwashukuru kwa majina, nyumba kwa nyumba, akashindwa kumaliza kwa sababu ya machozi. Baadaye alichukua kipimo. Utando huo ulikula kila maji aliyoupa: yake, ya Yoramu, ya mgeni aliyekuwa anapita tu barabarani.

Mwezi huo hita nyingi za mtaa zilipoa zikaanza kuingia vumbi.

*

Agosti Edina aliteremka Matema na gunia la viazi mviringo, zawadi ya mtaa. Alielekezwa nyumba na watoto, akaikuta wazi, hakuna mtu. Akafuata sauti za vicheko hadi ufukweni.

Dada wawili walikuwa wamekaa ndani ya maji, mawimbi madogo yakiwafika kiunoni, gauni zao zimevimba kama maputo. Sekela alikuwa ameugeuzia uso mlima asiouona. Bibi Melea alimshika bega kwa mkono mmoja, na kwa mwingine alichota maji kwa kibuyu akimmwagia mgongoni, akimweleza kila kinachopita: mtumbwi, bata, mtu amesimama mchangani amevaa sweta kama mwendawazimu.

"Ni Edina!" alipiga kelele alipomtambua. "Sekela, ni yule mwanangu wa mabomba!"

"Karibu, mama," Sekela alisema, akinyoosha mkono upande usio sahihi, kisha akaurekebisha aliposikia hatua.

Edina alifika ukingoni, akawaamkia wote wawili. Hakujua aanzie wapi. Alikuwa amebeba maneno ya watu wengi, kila mmoja alitaka yake yafike kama yalivyo.

Bibi Melea alimwokoa. "Maji yapo?"

"Yapo, Bibi. Ya moto kuliko zamani."

Bibi Melea alifumba macho. Kibuyu kikaelea mbele yake, kisha akayafumbua, na uso wake ulikuwa umepungua miaka.

"Na siku hizi nani anaoga wa kwanza?"

"Anayeamka wa kwanza. Jana alikuwa mwenyekiti. Leo hata sijui."

Bibi Melea alicheka mpaka Sekela naye akacheka bila kujua sababu. Halafu akalipiga ziwa kwa kiganja, maji yakamrukia Edina hadi kwenye sweta.

"Vua viatu, mwanangu. Haya hayajapashwa na mtu. Ingia."